Kuunda na Kupaka Rangi Modeli Ndogo ya Garimoshi ya Brasi

Seti ya brasi hufika ikiwa bamba moja au mawili ya shaba ya njano yaliyochongwa kwa asidi, mfuko wa vipande vya kusubu, waya kidogo na karatasi ya maelekezo ambayo mara nyingi imeandikwa kana kwamba msomaji ameshaunda injini kadhaa. Magurudumu, mota na gia kwa kawaida hununuliwa kando. Mwongozo huu unafuata injini ndogo ya mvuke isiyo na behewa la makaa, yenye magurudumu sita yanayoendeshwa (mpangilio wa 0-6-0), kwa kipimo cha 1:76 au 1:87, ambavyo vyote viwili hutumia reli ya upana wa milimita 16.5. Ni injini nzuri ya kuanzia: haina magurudumu madogo ya mbele yanayopenda kuacha njia, na ukichagua yenye silinda za ndani ya fremu, hutasumbuka na pistoni na fimbo zake za nje.

Sheria inayotawala kazi yote ni moja: usifunge kipande kinachofuata kabla hujapima kilichotangulia. Fremu ikikaa kombo kwa sehemu ya kumi ya milimita, fimbo za magurudumu zitakwama. Asidi ya kulehemia ikibaki ndani ya boila, rangi itafura baada ya miezi. Makosa ya mwanzoni hayapotei, hufunikwa tu, na kuyafukua baadaye ni kubomoa.

Kabla ya kukata kipande cha kwanza

Soma maelekezo yote hadi mwisho, kisha linganisha kila namba ya kipande na mchoro. Piga picha za bamba likiwa zima, mbele na nyuma. Vipande vingi vya kushoto na kulia vinafanana isipokuwa upande uliochimbwa mistari, na vikishatoka kwenye bamba ni rahisi sana kuvichanganya.

Kama seti ina ribiti za kugonga kutoka nyuma, zigonge kipande kikiwa bado kwenye bamba. Laza bamba juu ya kadibodi ngumu, uso wa mbele chini, weka ncha ya mviringo kwenye kila kishimo na usukume kwa nguvu ileile kila mara. Ribiti hunyoosha brasi, kwa hiyo safu ndefu hukipinda kipande. Kirudishe taratibu kwa vidole, ukikilaza juu ya kioo kila mara kuangalia mwanga unaopita chini yake. Ukigonga ribiti baada ya kukata, mpindo huwa mkubwa zaidi na sehemu nyembamba hujikunja zenyewe.

Vifaa vinavyohitajika kweli

Chuma cha kulehemia cha wati 50 chenye kidhibiti joto kinamaliza kazi yote. Cha wati 25 kisicho na kidhibiti kitashindwa kwenye boila na jukwaa, kwa sababu brasi hunyonya joto upesi kuliko kinavyolizalisha. Tumia ncha bapa ya milimita 3 hadi 4. Wengi huchagua ncha nyembamba kama sindano wakidhani kazi ndogo inataka ncha ndogo, lakini ncha hiyo haina sehemu ya kutosha ya kupitishia joto, na unaishia kukishikilia chuma mahali pamoja hadi viungo vya jirani viachie.

Mengine ni haya: msumeno wa sonara, tupa ndogo za bapa, duara, nusu duara na pembetatu, keekee ya mkono yenye biti za milimita 0.4 hadi 2, rima za kupanulia matundu hadi milimita 3.5, kalipa (kipimo cha umbali na unene), skwea ndogo ya chuma ya kupimia pembe mraba, kioo kinene cha kupimia unyoofu, kibano, na koleo lisilo na meno. Ubao wa MDF (wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) unafaa kulehemia juu yake kwa kuwa haunyonyi joto. Pini za nywele za alumini hushikilia vipande vizuri kuliko kibano cha chuma, kwani lehemu haigandi kwenye alumini. Brashi ya nyuzi za kioo husafisha oksidi kuliko kitu kingine chochote, ila nyuzi zake hukatika na kuingia kwenye ngozi. Vaa glavu, usiipulize vumbi lake, na uokote mabaki kwa tepu.

Lehemu: joto na usafi

Hapa ndipo seti ya brasi hufaulu au huharibika. Utahitaji lehemu za aina tatu, na maana yake ni mpangilio wa kazi. Lehemu ya kawaida ya bati 60 na risasi 40, inayoyeyuka kufikia nyuzi joto 188, ni ya fremu, jukwaa na viungo vyote vikubwa vya mwanzo. Ile ya nyuzi 145 ni ya vipande vinavyopachikwa karibu na viungo vilivyokwisha kushika. Zile za nyuzi 100 au 70 ni za vipande vya kusubu vya metali nyeupe, yaani metali laini inayoyeyuka kwa joto dogo, ambavyo chuma chenye moto wa kawaida huvigeuza tone kwa sekunde moja. Anza na joto la juu, maliza na la chini, na kiungo cha jana hakitaachia unapofanya cha leo. Lehemu isiyo na risasi inafaa pia kwa hatua ya kwanza, lakini huyeyuka karibu na nyuzi 217 hadi 227 na haitiririki kwa wepesi uleule.

Fluksi, yaani dawa ya kusafisha brasi ili lehemu ishike, iwe ya maji, yenye asidi ya fosforiki karibu asilimia 10. Fluksi ya utomvu inayotumiwa na mafundi wa redio huacha gamba linalonata ambalo rangi hailipendi. Pakia fluksi kwa brashi ndogo, tone moja kwa kiungo.

Kiungo kinafanywa hivi. Sugua nyuso zote mbili hadi zing'ae. Zipange na uzishike kwa pini au kijiti cha mbao. Weka tone la fluksi. Chukua kwa ncha ya chuma lehemu ya ukubwa wa punje ya mtama, iguse kwenye kiungo, usikimbie. Fluksi itachemka, kisha baada ya sekunde moja au mbili utaona lehemu ikiponyoka kutoka kwenye ncha na kujivuta ndani ya mwanya kama mstari wa fedha. Hapo inua chuma, na usikiachilie kipande hadi mng'ao ufifie kidogo. Anza na nukta moja katikati, pima kwa skwea, weka nukta ya pili, pima tena, na ndipo ujaze mstari mzima. Kujaza kutoka ncha moja hadi nyingine kwa mpigo mmoja hukunja bamba, kwa sababu upande wenye moto hutanuka kuliko ule wa baridi.

Lehemu ikikaa juu kama donge la kijivu, sababu ni mojawapo ya hizi: brasi ni chafu, fluksi imekauka kabla ya lehemu kutiririka, au kipande kimenyonya joto lote. Usiongeze lehemu. Safisha, weka fluksi upya, ongeza nyuzi 30 kwenye kidhibiti au tumia ncha pana. Lehemu ikiwa nyingi mno, inyonye kwa waya wa shaba uliosukwa au ikwangue kwa patasi ndogo. Kuiondoa kwa tupa huziba meno ya tupa, na tupa hiyo itakwaruza brasi kila utakapoitumia tena.

Fungua madirisha au tumia feni inayovuta moshi kukuondokea. Lehemu hizi zina risasi, na baadhi ya zile za joto la chini zina kadmiamu pia, kwa hiyo usizipe joto kupita kiasi, usile mezani pa kazi, na unawe mikono kila unapoinuka. Kila mwisho wa kazi, hata kama umebakiza kipande kimoja tu, osha modeli kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Fluksi iliyolala usiku kucha huigeuza brasi kuwa ya kijani.

Kukata na kukunja

Kata vikonyo vinavyoshikilia kipande kwenye bamba kwa patasi kali juu ya sehemu ngumu, au kwa msumeno wa sonara pale ambapo kipande ni chembamba. Mkasi hukunja kingo. Sawazisha mabaki ya kikonyo kwa tupa. Asidi hula kutoka pande zote mbili za bamba, kwa hiyo kila ukingo huwa na kituta kidogo katikati ya unene wake. Kitoe kwenye kingo zote zitakazokutana na kipande kingine, la sivyo kiungo hakitakaa sawa.

Mstari uliochimbwa nusu ya unene huwekwa ndani ya mkunjo, isipokuwa maelekezo yaseme wazi vinginevyo. Kwa mikunjo mirefu, bana kipande kati ya vyuma viwili vilivyonyooka ndani ya jiliwa, mstari ukiwa sawa na ukingo wa chuma, kisha ukikunje kwa kipande cha ubao kilichoshika urefu wote kwa pamoja. Kama mkunjo unagoma, ongeza kina cha mstari kwa tupa ya pembetatu, mipito michache tu. Brasi ikikunjwa, ikanyooshwa na kukunjwa tena mahali palepale, hukatika. Ukishapata nyuzi 90, tiririsha lehemu ndani ya mkunjo ili upate nguvu iliyopotea.

Chesisi

Chesisi, yaani fremu pamoja na magurudumu na mota yake, huanza kabla ya bodi, na chesisi huanza na fimbo za kuunganisha magurudumu. Fimbo ndizo kipimo: umbali kati ya matundu yake ndio unaoamua ekseli zikae wapi.

Fimbo nyingi huwa na tabaka mbili. Zipange moja juu ya nyingine kwa kupitisha shina la biti lililopakwa mafuta kidogo kwenye kila tundu, mafuta yakizuia lehemu isishike hapo. Lehemu kingo, safisha, kisha panua matundu kwa rima hadi pini ipite bila kulazimishwa na bila kucheza. Usipanue zaidi kwa sasa.

Panua matundu ya ekseli kwenye fremu hadi beringi za brasi ziingie kwa msukumo mdogo. Ekseli za kawaida kwa 1:76 ni za milimita 3.175, yaani inchi 1/8. Seti nyingine hutumia milimita 2 au 3. Kama una jigi ya chesisi, yaani kifaa cha kushikilia sehemu zake mahali pake wakati wa kuziunga, ziingize ncha zake zenye kipenyo cha pini kwenye matundu ya fimbo, na beringi zitashika umbali uleule wa fimbo. Kama huna, lehemu fremu mbili pamoja kwa nukta chache, zipanue matundu kwa wakati mmoja, kisha zitenganishe. Hapo walau pande zote mbili zitalingana, na ndilo jambo la maana zaidi.

Sasa vitenganishi, vile vipande vinavyoziweka fremu mbali kiasi kinachotakiwa. Weka nukta moja ya lehemu kwenye kitenganishi cha mbele upande wa kushoto na nyingine kwenye cha nyuma upande wa kulia. Pitisha vyuma viwili vilivyonyooka, vyenye urefu wa milimita 100 au zaidi, kwenye beringi za mbele na za nyuma, na uzisimamishe fremu juu ya kioo. Pima kwa kalipa umbali kati ya vyuma hivyo kwenye ncha za kushoto, kisha za kulia. Tofauti ikizidi milimita 0.1, yeyusha nukta moja, sukuma, ulehemu tena. Angalia pia kwa jicho kutoka mbele: vyuma vyote viwili lazima viwe sambamba na kioo. Ni dakika kumi za kurudiarudia, na hakuna dakika nyingine katika seti nzima zenye faida kama hizo. Vipimo vikikubali, jaza viungo vyote.

Magurudumu yaingie kwenye ekseli kwa jiliwa lenye midomo bapa, si kwa nyundo, ili yakae bila kuyumba. Nafasi kati ya migongo ya magurudumu kwa reli hii ni karibu milimita 14.4 hadi 14.5, kulingana na kiwango cha njia zako. Ipime sehemu tatu za mzunguko. Pini za upande mmoja hutangulia za upande wa pili kwa robo ya duara. Kama ekseli zako zina ncha za mraba, jambo hili linajipanga lenyewe. Kama ni za duara, tumia jigi. Kosa la nyuzi moja au mbili kutoka 90 halidhuru ilimradi ekseli zote tatu ziwe na kosa lilelile. Kinachokwamisha injini ni ekseli moja kutofautiana na wenzake.

Funga fimbo bila mota na usukume chesisi juu ya kioo kwa kidole. Iende yenyewe, bila kigugumizi. Ikikwama, fungua fimbo ujaribu ekseli mbili mbili: ya mbele na ya kati, kisha ya kati na ya nyuma. Jozi inayokwama ndiyo yenye kosa. Tazama kama pini imesimama wima, kama gurudumu limekaa kombo, kama robo imehama. Ukishaviondoa hivyo, ndipo uongeze tundu la fimbo kwa karibu milimita 0.1, kwa jozi iliyokwama tu. Wanaoanza kwa kupanua matundu yote hupata chesisi inayotembea lakini inayochechemea, na hawajui tena kosa lilikuwa wapi. Ekseli ya kati iachiwe mchezo wa pembeni wa milimita 0.5 au zaidi ili injini ipite kwenye kona. Za mbele na nyuma ziwe na milimita 0.2 hadi 0.3.

Gia huchaguliwa kwa hesabu. Mota ya mizunguko 12,000 kwa dakika ikiwa na gia ya 50:1 huzungusha magurudumu mara 240. Gurudumu la milimita 18 litasafiri karibu milimita 13,570 kwa dakika, ambayo kwa kipimo cha 1:76 ni kama kilomita 62 kwa saa. Hiyo inafaa injini ya kuchezea mabehewa stesheni. Kwa gia ya 30:1 mota ileile itafikisha zaidi ya kilomita 100, na utapoteza utulivu wa mwendo wa polepole, ambao ndio uzuri wa injini kama hii. Kabla ya kuifunga, izungushe giaboksi peke yake kwa mkono. Kati ya gia iliyo kwenye shina la mota na ile ya ekseli pawe na nafasi ndogo sana, unene wa karatasi nyembamba. Ikibana, mota italia na kupata moto. Ikilegea, meno yatakwanguana. Mota izuiwe isizunguke, lakini isikazwe kabisa kwenye fremu, kwani ekseli inahitaji kuhema.

Umeme hudakwa na waya wa bronzi ya fosforasi wa milimita 0.3 hadi 0.45 unaogusa mgongo au ukingo wa gurudumu kwa upole. Waya huo ulehemu kwenye kipande cha bodi ya saketi kilichogundishwa chini ya fremu, na hakikisha kwa mita ya umeme kwamba hakuna njia ya umeme kati ya pande mbili za reli. Waya ukibana sana ni breki, ukilegea injini itasita kwenye kila mwungano wa reli. Kisha iendeshe chesisi nusu saa kila upande kwa mwendo wa wastani. Ikivuta zaidi ya takriban miliampia 250 ikiwa tupu kwenye njia iliyonyooka, kuna kitu bado kinabana.

Bodi

Jukwaa, lile bamba refu linalobeba kila kitu, ndilo msingi. Lijenge likiwa limebanwa juu ya ubao ulionyooka, lehemu vibamba vya pembeni kwa nukta kutoka katikati kwenda nje, na liangalie juu ya kioo kila baada ya nukta mbili. Lehemu nati za kufungia chesisi sasa, zikiwa na skrubu iliyopakwa mafuta ndani yake ili lehemu isizibe nyuzi. Kuanzia hapa, ijaribu bodi juu ya chesisi baada ya kila kipande kikubwa: magurudumu yasiguse vifuniko vyake, na giaboksi isiguse boila. Mguso mdogo tu unaleta mkato wa umeme.

Kuta za kibanda cha dereva na matangi zifuate, kila moja ikisimamishwa kwa skwea. Boila ndiyo inayowatisha wengi. Kama haijaviringishwa, hesabu upana wa bamba lake: kwa boila ya kipenyo cha nje milimita 20 na bamba la milimita 0.25, upana ni 19.75 mara 3.1416, yaani milimita 62. Bamba gumu lilainishwe kwa moto hadi wekundu hafifu unaoonekana gizani, kisha liachwe lipoe. Lilaze juu ya raba laini na uliviringishe kwa fimbo ya chuma yenye kipenyo kidogo kuliko boila, ukisukuma kidogo kidogo kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu brasi hurudi nyuma ukiiachia. Kingo mbili za mwisho hupenda kubaki bapa. Zianze hizo kwanza. Mshono ukae chini, na kibamba cha ndani kiushike.

Kila chumba kilichofungwa pande zote, kama tangi au sanduku la moto, kitobolewe tundu la milimita 1 mahali pasipoonekana. Bila tundu hilo, fluksi hujifungia ndani, kisha hutoka polepole kupitia nyufa na kuinua rangi.

Vishikio vya mkono ni waya wa milimita 0.45 ukipita kwenye vifundo vidogo. Toboa matundu kwa kupima kutoka mstari mmoja tu wa juu ya boila, penyeza waya kwenye vifundo vyote kabla ya kulehemu, na lehemu kutoka ndani.

Vipande vya kusubu

Dohani, kuba, bafa na vipande kama hivyo hukwanguliwa mstari wa kalibu na kukaa mahali pake kabla ya joto lolote. Vya brasi hulehemiwa kwa nyuzi 145. Vya metali nyeupe vinataka brasi ipakwe kwanza lehemu ya kawaida, kwa kuwa ile ya nyuzi 70 haishiki brasi tupu, kisha kidhibiti kishushwe hadi karibu nyuzi 180 na lehemu ya chini iingie. Kipande kikikuhofisha, tumia gundi ya epoksi ya kukauka polepole. Dohani iangalie kutoka mbele na kutoka pembeni kabla gundi haijashika; ikiinama hata kidogo, jicho halitaona kingine.

Kuosha

Jaza nyufa ndogo kwa lehemu ya nyuzi 100 au putti ya magari, piga msasa wa namba 600 kisha 1000. Kisha osha kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, sugua kwa poda laini ya kusafishia sinki, suuza mara kadhaa. Ukitumia dawa ya kuondoa chokaa, isizidi dakika chache: asidi ikikaa, uso huwa wa waridi, na utalazimika kuupiga brashi ya nyuzi za kioo upya. Baada ya hapo shika modeli kwa glavu tu. Kausha mahali penye vuguvugu, lisilozidi nyuzi 50 kama umetumia lehemu ya nyuzi 70.

Rangi

Brasi haipokei rangi moja kwa moja. Itabanduka kwenye kona za kwanza zitakazoguswa. Inahitaji praima ya asidi, ile inayouma metali. Ile ya makopo mawili yanayochanganywa hushika kuliko zote, lakini yataka barakoa yenye chujio la mvuke na mahali penye hewa. Ya kopo la kupuliza inatosha kwa wengi. Lipashe kopo kwenye maji ya vuguvugu, kamwe si kwenye moto, pulizia kutoka sentimita 15 hadi 20, ukianza na kumaliza nje ya modeli. Tabaka mbili nyembamba. Iache siku moja, kisha imulike kwa taa kutoka pembeni. Mikwaruzo na madoa ya lehemu yaliyojificha kwenye mng'ao wa brasi sasa yote yako wazi. Yarekebishe, pulizia praima mahali hapo tena, na usisonge mbele kwa kudhani rangi itayaficha. Rangi huyakuza.

Kwa rangi yenyewe tumia eabrashi ya tundu la milimita 0.2 hadi 0.3, mgandamizo wa bar 1 hadi 1.4. Rangi ya mafuta ichanganywe na thina hadi itiririke kwenye ukuta wa kikombe kama maziwa, mara nyingi karibu nusu kwa nusu. Jaribu kwenye kadibodi. Anza na pembe za ndani, nyuma ya dohani na chini ya boila, umalizie na sehemu pana. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu.

Uso ukitoka wenye chembe chembe kama msasa, rangi imekauka hewani: sogea karibu au ongeza thina. Ikitiririka, umekaa sehemu moja. Vishimo vya duara ambamo rangi imekimbia ni mafuta ya vidole, na dawa yake ni kuvua rangi na kuosha upya. Weupe wa ukungu ni unyevu hewani. Subiri siku kavu. Ikikunjamana, umeweka thina kali ya selulosi juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa.

Rangi ya mafuta iachwe wiki moja kabla ya kubandikwa tepu. Inuse: ikiwa bado ina harufu, bado. Paka rangi isiyokolea kwanza. Bonyeza ukingo wa tepu kwa kijiti, pulizia juu yake tabaka jembamba la rangi ya chini ili izibe mianya yenyewe, kisha rangi ya pili. Vua tepu kwa kuirudisha nyuma juu yake yenyewe. Kwa fremu na boila nyeusi, usitumie nyeusi kamili: kwenye kitu kidogo hivi inameza maumbo yote. Changanya kijivu au kahawia kidogo.

Namba na mistari ya stika za maji zinataka uso unaong'aa, kwani juu ya uso usiong'aa hewa hunaswa chini yake na kuonekana kama fedha. Pulizia vanishi ya kung'aa, loweka stika sekunde 30, itelezeshe, weka dawa ya kulainisha ili izame juu ya ribiti, na usiiguse hadi ikauke. Siku inayofuata funika yote kwa vanishi ya nusu mng'ao.

Kufunga na kutia uzito

Magurudumu hupakwa kwa brashi, uso unaokanyaga reli ukiachwa mtupu. Fimbo za brasi au nikeli silva zinaweza kutiwa weusi kwa dawa ya kemikali, kisha zioshwe na kupakwa mafuta.

Uzito ni risasi ndani ya boila na matangi, ukilenga kitovu cha uzito juu ya ekseli ya kati: ilaze injini juu ya penseli chini ya ekseli hiyo, na isiinamie upande. Gramu 250 hadi 300 zinatosha injini ya ukubwa huu. Punje za risasi zishikwe kwa epoksi, si kwa gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu risasi huoza ndani ya gundi hiyo, huvimba, na imeshapasua bodi nyingi kutoka ndani.

Tone moja la mafuta mepesi kwa kila beringi na pini, grisi kidogo kwenye gia, na injini ipewe saa moja ya kwanza ikiwa na mabehewa mawili au matatu tu. Baada ya saa hiyo futa magurudumu na vidaka umeme kwa pamba yenye spiriti, kaza upya skrubu za bodi na nati za pini, kisha uiongezee mzigo.